Tse ya Jua, Tse ya Sala

Sene 22

Nimenunua daftari hili Piyasa, katikati ya mji, kwenye duka la vifaa vya shule, kwa sababu kichwa kimejaa na Mama amechoka kunisikiliza. "Bezawit," amesema leo, "hayo mambo yako ya kompyuta mwambie mtu mwingine, mimi nachambua dengu." Basi naliambia daftari.

Mvua za mwezi wa Sene zimeshika. Mlima Tosa haujaonekana tangu Jumamosi. Dessie yote inanuka kuni mbichi.

Tamrat amepata kazi kwenye zahanati moja hapa mjini. Tamrat ndiye mwenye kampuni, na kampuni ni yeye, mimi, vyumba viwili na birika la umeme. Zahanati ina kadi za wagonjwa elfu kumi na moja na mia nne, zimeshaingizwa kwenye kompyuta na karani wao. Majina ndiyo vurugu. Mgonjwa akija leo anaandikwa hivi, akija mwezi ujao anaandikwa vile, kadi haionekani, anafunguliwa nyingine. Mimi niandike klasi, kipande cha programu, ya kuyanyoosha majina.

"Wiki moja," amesema Tamrat. "Ni maandishi tu."

Sene 25

Mama ameuliza klasi ni nini. Nikamwambia ni kama kumweka mtu kazini, mtu anayejua mambo manne tu. Unampa jina. Anakata nafasi tupu za mbele na nyuma. Anaondoa nukta na alama zilizoingia kwa bahati mbaya. Anatenganisha jina la mtu, la baba na la babu. Anashika majina mawili na kusema yanafanana au hayafanani.

"Na mshahara?"

"Hana."

"Maskini," akasema, akaendelea na dengu.

Sene 26

Umeme hakuna.

Sene 27

Umeme hakuna. Nimeandika msimbo kwa kalamu, nyuma ya bahasha.

Hamle 2

Ugumu si nafasi tupu, ni herufi zetu. Tuna ha tatu. Tuna a mbili. Tuna se mbili, se ya mfalme na se ya moto. Tuna tse mbili, tse ya jua na tse ya sala, tunaziita kwa maneno yanayoandikwa nazo. Kale kila moja ilikuwa na sauti yake. Siku hizi mdomoni ni kitu kimoja, na kila mtu anaandika ile iliyomjia mkononi. Jina Tsehay, yaani jua, peke yake nimelikuta limeandikwa kwa namna tisa. Kompyuta haisikii sauti, inaona maumbo tu. Kwake hao ni wanawake tisa.

Basi nimemwongezea mtu wangu kazi ya tano. Akikuta ha yoyote, aigeuze ha ya kwanza. Akikuta tse yoyote, aigeuze tse ya sala. Se na a vilevile. Mistari kumi na miwili tu. Nimejaribu kwa majina mia, yote yamenyooka. Nimetembea chumbani huku na huku kama mtu aliyekunywa kahawa duru tatu bila kula.

Hamle 5

Leo nimekwaruzana na karani wa chumba cha kadi cha zahanati, Gashe Wubishet, Gashe tukimwita kwa heshima ya umri. Ana miaka thelathini na moja kwenye chumba kile, koti moja la kijivu, miwani iliyofungwa kwa uzi. Ujanani alisomea kanisani, na hakuachi uisahau hiyo. Nilikuwa namwonyesha Sista Hayat, muuguzi wa zamu, jinsi majina yatakavyoonekana. Mzee akainama juu ya bega langu.

"Tse ya jua imekwenda wapi?"

"Nimeziunganisha, Gashe. Sauti ni moja."

"Moja masikioni mwako. Andika sereqe kwa se ya mfalme, jua limechomoza. Andika sereqe kwa se ya moto, mtu ameiba. Sasa wewe utalipeleka jua polisi?"

Sista Hayat akacheka hadi akashika meza. Mimi nikaona aibu, na nikiona aibu ulimi wangu unakuwa mkali.

"Hicho ni Kigeezi cha kanisani, Gashe. Hapa tunatafuta kadi za wagonjwa, hatuimbi misa."

"Usiguse herufi zangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeziandika mimi."

Akatoka na koti lake. Mzee wa kujiona. Watu wa namna hii ndio wanaotuchelewesha.

Hamle 9

Mvua ya mawe. Bati la jirani limeng'oka.

Hamle 12

Leo mchana nimeiendesha klasi juu ya kadi zote. Dakika nne tu.

Mstari wa mwisho unachukua jina lililonyooshwa na kuliweka mahali pa lile la zamani. Nilitaka la zamani libaki pembeni, mahali pake. Tamrat akasema, "La nini tena? Umefagia uchafu, halafu unautunza kabatini?" Nikacheka, nikabonyeza. Kisha kadi zenye jina moja, baba mmoja, babu mmoja na mtaa mmoja zikajiunga zenyewe. Umri sikuutumia, maana kwenye nusu ya kadi umekisiwa tu. Kutoka 11,400 zimebaki 9,870.

Tamrat amenunua keki. Mkurugenzi, Daktari Eskedar, amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Jioni nimekaa na Mama nikashindwa kutulia, nikainuka mara nne kuangalia mlango kama umefungwa. Sijui nasubiri nini.

Hamle 20

Shwari. Ukungu hadi saa sita mchana.

Hamle 29

Sista Hayat ananiambia siku hizi kadi inapatikana kabla mgonjwa hajakaa. Gashe Wubishet hanijibu salamu.

Nehase 7

Nitaandika yote.

Asubuhi nilikuwa zahanati kwa sababu kompyuta ya mapokezi ilikuwa nzito. Akaja mama wa makamo, shuka jeupe, kidonda mguuni, anauza pilipili ya kusaga soko la Jumatatu. Sista Hayat akamuuliza jina. Tsehay Hailu Mengesha. Kadi ikafunguka hapo hapo, nikajisikia fahari. Daktari wa zamu akasoma kwamba huyu huchomwa sindano ya penisilini kila mwezi, mara kumi na nne, bila tatizo. Akaandika achomwe hiyo hiyo, itafaa na kidonda.

Yule mama alitoka chumba cha sindano akija kwenye benchi. Hakufika. Alijishika shingo, midomo ikavimba, akaanguka ubavu mbele ya meza niliyokaa. Kiatu chake kimoja kilikuja hadi mguuni kwangu. Sista Hayat alipiga kelele moja tu, ya kuita dawa, kisha hakupiga tena, alifanya kazi. Walimchoma ya pili, wakamwekea hewa, wakambeba kwenye gari hadi hospitali kubwa. Nilibaki nimeshika kile kiatu.

Amefika akiwa hai. Ndivyo walivyosema saa kumi.

Nehase 8

Yuko hai, anapumua mwenyewe.

Chini kabisa ya kadi yake, ukurasa wa tatu kwenye skrini, kuna maneno ya miaka minane iliyopita: penisilini inamdhuru, asipewe kamwe. Hakuna aliyeshuka hadi huko. Daktari Eskedar anasema kadi za watu wawili zimechanganywa wakati wa kuingizwa kwenye kompyuta. Aliyeziingiza ni Gashe Wubishet. Wamemwambia akae nyumbani.

Amepita mbele yangu na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake na kalamu zake. Hakunitazama. Sikumwita.

Nehase 9

Nimeomba ufunguo wa chumba cha kadi, nimesema nataka kukagua jambo. Nimekaa humo saa tatu peke yangu na harufu ya karatasi yenye unyevu.

Kadi ziko mbili. Tsehay Hailu Mengesha wa pilipili, ameandikwa kwa tse ya jua, na chini ya jina mstari mwekundu wa tahadhari. Tsehay Hailu Mengesha mwingine, miaka thelathini, ana ugonjwa wa moyo, ndiye anayechomwa kila mwezi. Ameandikwa kwa tse ya sala. Nikafungua droo nyingine. Wawili wenye jina moja, mmoja kwa se ya mfalme, mwenzake kwa se ya moto. Droo nyingine, hivyo hivyo. Na kila kadi ya mwandiko wake, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, miaka na miaka, herufi haibadiliki hata mara moja.

Wa mapokezi, yeye akiwa hayupo, wanaandika ovyo. Huyu mzee hakuandika ovyo. Zilikuwa alama zake za kutofautisha watu. Na kwenye kompyuta aliziingiza jinsi zilivyo, moja moja, miaka miwili. Mimi nimezifuta kwa dakika nne.

Nehase 10

Sijasema.

Tamrat amesema, "Tushukuru, hili halijatugusa." Nikanywa chai yangu.

Kuna jambo moja. Seva inatunza nakala ya kila asubuhi kwa siku thelathini, iliyozidi hapo inajifuta. Nakala ya mwisho yenye majina ya zamani ni ya asubuhi ya Hamle 12, kabla sijaendesha klasi. Itajifuta keshokutwa. Nywila anayo Tamrat. Nikimwomba ataniuliza ya nini.

Nehase 11

Nimesimama mlangoni kwa Tamrat mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu. Mara ya tatu akaniuliza, "Unatafuta nini?" nikasema birika.

Mama: "Unakula au unahesabu punje?"

Nehase 12

Imejifuta.

Nehase 13

Sikukuu ya Buhe. Vijana wanapiga mijeledi barabarani, kila mlio nastuka. Mama ameoka mkate, nimeupeleka kwa majirani wote ili nisikae nyumbani.

Nehase 14

Nimesema.

Sikuanza kwa Tamrat, nilijua atanikalisha chini anifundishe maneno. Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Eskedar, nimelowa hadi magotini, nikazungumza nimesimama. Nikamwambia Gashe Wubishet hakuchanganya kitu, aliyechanganya ni mimi. Nikamwambia kuhusu herufi, kuhusu mstari wa mwisho, kuhusu umri nilioupuuza. Kisha nikamwambia na la nakala, ambalo hakuna mtu angelijua.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ya tisa."

"Leo ni kumi na nne."

"Ndiyo, Daktari."

Akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Kwa hiyo mzee wa watu amekaa nyumbani siku tano kwa ajili ya hofu yako."

"Ndiyo."

"Na watu wangapi wengine wako ndani ya kadi moja sasa hivi?"

Sikujua. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba sikujua. Akainuka, akaamuru mapokezi wasifungue kadi yoyote kwenye kompyuta, warudi kwenye karatasi. Baadaye Tamrat akanipigia simu. Hakusema kwa heri.

Mchana nikaenda hospitali kumwona yule mama. Amekaa kitandani, uso bado umevimba upande mmoja. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Herufi?" akasema. "Herufi ndiyo iliyoniangusha?"

"Mimi, Eteye," nikamwita kama tunavyowaita mama watu wazima. "Mimi niliyeifuta."

"Kiatu changu uko nacho wewe? Wameniambia kuna binti ana kiatu changu."

Nilikuwa nacho, kwenye mkoba. Akakiangalia ndani na nje. Hakuniambia amenisamehe wala hajanisamehe.

Nehase 15

Kwa Gashe Wubishet. Nyumba yake iko nyuma ya kinu, matope hadi kwenye kizingiti. Mkewe alifungua, akaniacha nimesimama nje muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Mzee alikuwa kwenye kigoda anamenya vitunguu saumu.

"Umekuja kuniunganisha na nani?"

Nikamwambia yote. Aliendelea kumenya.

"Kwa nini hukusema zile herufi ni alama, Gashe?"

"Nilikuambia usiguse."

"Hukuniambia sababu."

Kisu kikasimama. Mkewe naye akasimama. "Sababu," mzee akasema taratibu, "ni kwamba karani haruhusiwi kubuni. Walinipa kitabu cha kanuni nilipoanza, hakuna mahali kimesema ukipata watu wawili wenye jina moja ufanye vile. Nilianza mwenyewe. Ningekueleza mbele ya Hayat, kesho wangeniita, nani alikuruhusu? Miaka thelathini na moja nafanya kitu bila ruhusa ya mtu."

Nilimwona mzee wa kujiona. Kumbe alikuwa anaogopa, kama mimi nilivyoogopa mlangoni kwa Tamrat.

"Nisamehe, Gashe."

"Siku saba mke wangu ananitazama hapa kama mtu aliyeua." Akarudi kwenye vitunguu. "Kadi za karatasi zipo zote?"

"Zipo."

"Kesho mfungo wa kanisa unaisha, sitaki kukuona nikiwa nakula nyama. Njoo keshokutwa."

Nehase 17

Daktari Eskedar amemrudisha Gashe Wubishet kazini. Tumeanza.

Nehase 18

Klasi nimeiandika upya. Haigusi jina la mtu tena. Inatengeneza nakala pembeni, inanyoosha hiyo nakala, inalinganisha nakala kwa nakala, na ikikuta mbili zinafanana inasimama, inaita mtu aje aangalie. Haiunganishi. Ni fupi kuliko ya kwanza. Naona haya kwa jinsi ilivyo fupi.

Kwa namba za kadi zilizojiunga Hamle 12, imetutolea orodha ya kadi za karatasi za kuangalia: 2,770. Gashe Wubishet anatoa kadi, anaipiga vumbi, anasoma herufi kwa sauti: "Tse ya jua! Ha ya pili!" Mimi naandika. Nikikosea anagonga meza kwa kalamu.

Nehase 23

Kadi 240 leo. Mgongo.

Nehase 26

Ameniletea shayiri ya kukaanga kwenye karatasi, akaiweka kati yetu bila neno. Nimeshamzoea sasa. Akikuta jina zuri anasimama nalo kidogo, kama mtu aliyekutana na rafiki njiani.

Nehase 28

Tamrat amesema baada ya mwaka mpya nitafute kwingine. Hakupaza sauti. Mama amesikia, akaongeza siagi kwenye mchuzi wangu wa shiro.

Nehase 30

Watu tofauti niliowageuza kuwa mtu mmoja: jozi sabini na tatu. Sista Hayat anawapigia simu mmoja mmoja. Wengine hawana simu, anatuma ujumbe kwa majirani. Hadi sasa hakuna mwingine aliyedhurika. Hata hivyo kila simu ikiita nasimama.

Pagume 1

Mwezi wetu wa siku tano, wa kufunga mwaka, umeingia. Kadi 96 zimebaki.

Pagume 3

Mvua ya Rafaeli, ambayo huku husemwa ina baraka. Watoto wa jirani wameoga nje wakipiga kelele, na Mama naye ametia kichwa chini ya mfereji wa bati. Tumemaliza kadi saa tisa. Gashe Wubishet amefunga droo ya mwisho, akakaa juu ya kiti akatazama mikono yake. "Sasa tulale," akasema, na ilikuwa bado mchana.

Pagume 4

Leo amekuja Eteye Tsehay wa pilipili, kwa miguu yake, kidonda kimekauka. Daktari Eskedar alitaka aione kadi yake mpya mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini, Gashe Wubishet alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, miwani puani, kifua mbele.

"Tazama, Eteye," akasema, "umerudi ulivyokuwa. Tse ya jua, kama nilivyokuandika tangu siku ya kwanza. Hutachanganywa tena na mtu."

Yule mama akainama kwenye skrini. Akatazama muda mrefu. Kisha akaomba kalamu. Nikampa yangu, na daftari hili hili, ukurasa wa nyuma. Akaandika polepole, akibana ulimi kwenye meno, herufi nene zilizosimama wima. Alisoma enzi za kampeni ya kisomo, akatuambia, usiku mmoja mmoja kwa taa ya mafuta, na neno la kwanza kujua ni jina lake.

Ilikuwa tse ya sala.

Gashe Wubishet akavua miwani. "Lakini hiyo ni ya yule mwingine," akasema. "Ya Tsehay mdogo. Wewe ni wa jua. Miaka ishirini na sita wewe ni wa jua!"

"Hapo kwenye karatasi zako labda. Mimi naandika hivi."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa naumwa kila nikija, baba. Ungekuwa wewe ungeanza kubishana herufi?"

Sista Hayat akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mzee alinitazama, nami nikamtazama. Tumefungua kadi elfu mbili mia saba na sabini, tumegombana juu ya kila ha, na hakuna kati yetu aliyewahi kumpa mwenye jina kalamu.

Nikavuta kibodi kwangu. Kuongeza nafasi moja kwenye kadi, *jina kama mwenyewe anavyoliandika*, si kazi ya hata robo saa. Nikaliandika la kwake, la kwanza kabisa, kwa tse ya sala. Halafu Gashe Wubishet akawa anakuna kichwa, anasogeza karatasi bila sababu.

"Sasa kama wewe ni wa sala," akamuuliza, "huyu binti wa moyo nimwandikeje mimi?"

Eteye Tsehay alikuwa ameshainuka, anafunga shuka lake.

"Muulize," akasema. "Kwani hana mdomo?"